Kadenge na mpira, tarehe saba mwezi wa saba

Mwezi uliopita nilidokeza, tena mwishoni kabisa mwa safu hii, kwamba nina daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila tarehe ya mwaka, kurasa 366 pamoja na ule wa Februari 29, na kwamba chini ya kila tarehe naandika wanamichezo waliotutoka siku hiyo, mwaka wowote uwao. Nilidhani najisemea tu. Kumbe nimechokoza mzinga. Mlioandika kuhusu dawa ya viroboto na bei ya mbolea mtanisamehe. Mwezi huu tunashinda matangani.

Wengi mmeuliza lilianzaje. Nilikuwa mpanga chapa katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Industrial Area, enzi za herufi za risasi. Kazi waliyonipa nikiwa mgeni ni ukurasa wa tanzia, kwa sababu hakuna aliyeutaka. Picha ndogo ndogo, majina ya wajukuu yasiyokwisha. Siku moja nikapanga tangazo la mtu niliyemwona kwa macho yangu akicheza winga pale City Stadium. Lilitaja kanisa lake, shamba lake, kazi yake ya karani. Mpira halikuutaja hata kwa neno moja. Jioni ile nilipitia dukani nikanunua kaunta buku.

Haya, barua.

Shikamoo Mzee. Mimi ni kondakta wa matatu za Jogoo Road. Juzi tukipita pale Joe Kadenge Stadium, abiria mmoja wa makamo yako akasema Kadenge alikufa tarehe moja na mchezaji mkubwa kuliko wote wa Real Madrid. Dereva wangu akasema hizo ni hadithi za wazee. Tumewekeana dau la chai na mandazi. Nani anunue? – Kondakta, Makongeni

Marahaba mwanangu. Dereva anunue, na usikubali mandazi ya jana.

Abiria wako alipatia tarehe, ila miaka ni tofauti. Alfredo Di Stéfano alifariki Madrid, Jumatatu tarehe 7 Julai 2014, siku tatu baada ya kutimiza miaka 88. Joe Kadenge, mwanasoka wetu wa zamani, alifariki hapa Nairobi, Jumapili tarehe 7 Julai 2019, akiwa na miaka 84. Kama Di Stéfano ndiye mkubwa kuliko wote wa Real Madrid, hilo mbishaneni na vijana wa Ronaldo. Mimi nasema ndiye. Mabao matatu katika fainali moja ya Ulaya, Glasgow mwaka 1960, Real Madrid 7 Eintracht Frankfurt 3, na yale manne yaliyobaki akayafunga mwenzake Puskás. Kabla ya hapo kulikuwa na fainali nne mfululizo. Zote walishinda, na katika kila moja jina lake limo kwenye orodha ya wafungaji.

Ukiniuliza msiba wake ulipokewaje Nairobi, nitakwambia haukupokewa. Siku ile ilikuwa Saba Saba. Upinzani ulikuwa na mkutano Uhuru Park, maduka mengi ya mjini yalishusha milango ya chuma, nami nilikuwa nimejifungia nyumbani na redio nikingoja kusikia kama kumeharibika. Habari ya Madrid ilipita usiku, imebanwa kati ya siasa na hali ya hewa. Kesho yake usiku Ujerumani ikaichapa Brazil 7-1, tena kwao, Belo Horizonte, na hapo hata mimi nikamsahau mzee wa watu. Nilimwandika siku ya tatu, na ukurasa wenyewe una duara la kikombe cha chai mpaka leo.

Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile, nilikuwa kwa kinyozi. Jumapili, benchi limejaa. Harambee Stars walikuwa wametolewa Kombe la Afrika kule Misri wiki ile ile, baada ya kufungwa 3-0 na Senegal, na hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi: nani hafai, nani afukuzwe. Redio ikasema Joe Kadenge amefariki. Kinyozi akazima mashine. Kitini kulikuwa na kijana, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akabaki hivyo hivyo na shuka shingoni. Mzee mmoja wa kwenye benchi, ambaye tangu niingie hakuwa amefungua kinywa, akasema taratibu, kama mtu anayeanza dua: "Kadenge na mpira." Tukaitikia watatu au wanne, bila kupanga: "Mpira na Kadenge." Yule kijana wa nusu kichwa akatutazama kwenye kioo. "Kadenge ni nani?"

Yule ndiye ninayemwandikia daftari hili.

Hebu yasikilize vizuri maneno hayo ya mtangazaji wa redio. Kiswahili cha darasani kingedai "Kadenge ana mpira". Mtangazaji hana muda huo, winga anakimbia, ile "a" ikadondoka. Ilipodondoka ikabaki "na" peke yake, nayo "na" ikiwa peke yake haisemi tena kwamba mtu anamiliki kitu. Inasema wako pamoja, kama bwana na bibi harusi. Ndiyo maana yanageuzika: mpira na Kadenge. Jaribu kugeuza "Kadenge ana mpira" uone utafika wapi. Sisi watoto wa Kaloleni tulikuwa tukiyapigia kelele tukifukuzana na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani, na aliyekuwa na mpira ndiye aliyekuwa Kadenge. Ukinyang'anywa, umepokonywa mpira na jina.

Sasa, zaidi ya tarehe, wazee hawa wawili walikutana kwingine. Hakuna aliyecheza Kombe la Dunia. Di Stéfano alivaa jezi za nchi tatu, Argentina, Kolombia na Uhispania, na mwaka 1962 alifika hadi Chile na kikosi cha Uhispania, lakini alikuwa majeruhi, hakukanyaga uwanja. Kadenge, mzaliwa wa Vihiga, alitoka Maragoli United akaja Abaluhya, ambayo leo mnaiita AFC Leopards, na jezi ya taifa aliivaa miaka na miaka. Lakini Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia, na ilipofika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 1972, zamu yake ilikuwa imepita. Baada ya mpira, mmoja akawa rais wa heshima wa klabu yake. Mwingine akaendesha teksi mjini humu.

Na wote wana uwanja. Wa Di Stéfano, ule wa mazoezini wa Real Madrid, ulifunguliwa 2006, akauona kwa macho yake. City Stadium ilipewa jina la Kadenge yeye akiwa maiti. Niambie kweli, kondakta: ukifika pale unaita "Kadenge" ama bado unaita "Siti"? Nauliza kwa sababu napanda matatu za njia hiyo na nina masikio.

Mzee, mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wamepata habari kwamba Maradona na George Best walikufa tarehe moja, na sasa wanaamini kuna siri. Nimeshindwa kuwatoa. – Mwalimu, Kayole

Hakuna siri. George Best alifariki 25 Novemba 2005, Diego Maradona 25 Novemba 2020. Wakikuongezea kwamba Fidel Castro naye alifariki 25 Novemba, 2016, na kwamba Maradona alikuwa na chale ya sura ya Castro mguuni, waambie ni kweli yote na bado hakuna siri.

Mwalimu, wapeleke uwanjani. Wachezaji 11 upande huu, 11 upande ule, refa mmoja katikati: watu 23. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja umezidi nusu. Kidogo, lakini umezidi. Watoto watabisha, watasema siku ni 365 na watu ni 23 tu. Waache wabishe, kisha wahesabu jozi badala ya watu: refa na kipa, refa na beki, kipa na beki, mpaka zifike jozi 253. Kifo kinafuata hesabu ile ile. Daftari langu lina majina zaidi ya 300. Ningeshangaa kama wasingegongana.

Wakitaka jozi nyingine, kuna Januari 5. Eusébio, mtoto wa Maputo aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Dunia la 1966, manne kati ya hayo dhidi ya Korea Kaskazini peke yake, alifariki 5 Januari 2014. Miaka 10 kamili baadaye, 5 Januari 2024, akafa Mário Zagallo wa Brazil, bingwa wa dunia mara mbili akiwa mchezaji, mara moja akiwa kocha, mara moja akiwa msaidizi. Zagallo mwenyewe ndiye angefurahia maswali ya wanafunzi wako, maana alikuwa mtumwa wa namba 13 maisha yake yote, akihesabu herufi za majina ya timu ili zitimie 13. Akafa tarehe 5.

Nina jirani anayebeti. Alisikia habari za daftari akaja kuomba nimwonyeshe "tarehe nzito". Nikamwonyesha Julai 7. Akaenda na saba zake mbili, akarudi kunikopa pesa za unga.

Assalaam alaykum Mzee. Katika toleo la Februari uliandika kwamba mkimbiaji Kelvin Kiptum alifariki tarehe 12. Wengine wote wanasema 11. Lakini mimi nimelelewa hapa Majengo kwamba siku huanza magharibi, kwa hiyo nikasema labda Mzee anahesabu kama sisi. Daftari lako linafuata siku ipi? – Bibi wa Majengo, Pumwani

Waalaykum salaam bibi. Umenipa mlango wa kutorokea, lakini sitapita. Nilikosea.

Ilikuwa hivi. Jumapili ile, 11 Februari 2024, ndiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Nigeria na Ivory Coast. Kwa saa za kwetu mpira ulianza saa tano usiku. Nilikuwa nimekaa na mjukuu wangu, mimi Nigeria, yeye wenyeji. Saa hiyo hiyo ya kuanza mpira, au dakika chache huku na huku, gari la Kiptum lilikuwa linaacha barabara ya Kaptagat kuelekea Eldoret. Sisi tunashangilia bao la Nigeria, mtoto wa watu yumo mtaroni. Tulikwenda kulala na habari ya Ivory Coast kushinda 2-1. Ya Kiptum niliamka nayo. Nikachukua daftari Jumatatu asubuhi, mkono ukaandika tarehe ya Jumatatu. Na Februari iliyopita nikanakili kosa langu mwenyewe bila kulitazama mara mbili.

Alikuwa na miaka 24. Rekodi yake ya dunia ya marathoni, saa 2:00:35, aliyoiweka Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, ilikuwa imeidhinishwa rasmi siku tano tu kabla. Aprili alikuwa aende Rotterdam kuitafuta marathoni ya chini ya saa mbili. Na hakufa peke yake: kocha wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, alikuwamo garini, akafa papo hapo naye. Watu wakizungumza habari za "kufa siku moja", mimi hao ndio wanaonijia kwanza, mwalimu na mwanafunzi wake, na hapo hapahitaji hesabu ya jozi.

Lakini hoja yako, bibi, ina uzito kuliko kosa langu. Kwenu, "usiku wa Jumatatu" ndio huu unaoitangulia Jumatatu, unaoanza jua likizama Jumapili. Kwa hiyo saa tano ya usiku ule Kiptum alikuwa tayari ameingia Jumatatu. Anayefuata saa ya serikali atasema Jumapili. Kiswahili, kwa hekima yake, hakikutaka ugomvi, kikatupa "usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu", ukachukua siku zote mbili kwa pamoja. Nimeishi na Kiingereza cha ofisini miaka 40 na sikukuta humo fungu la maneno linalofanya kazi hiyo.

Na si yeye peke yake. Samuel Wanjiru naye, tarehe 15 Mei 2011, Nyahururu, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Jumapili usiku. Jumapili pia. Usiku pia. Miaka 24 pia. Na marathoni pia: ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, kwa saa 2:06:32, katika joto ambalo kila mtu alitegemea watu wakimbie kwa kubembeleza. Yeye alianza kama anayefukuzwa. Mabingwa wakongwe wakamtazama akienda wakidhani ataungua mbele, hakuungua. Basi fikiria: hawa wawili hawako ukurasa mmoja daftarini, mmoja yuko Februari na mwingine Mei, lakini mimi nikimsoma mmoja vidole vyangu vinakwenda vyenyewe kwa mwenzake. Best na Maradona, waliolala ukurasa mmoja, hawanifanyi hivyo.

Timu ya Zambia ya 1993 nayo imenisumbua. Ndege yao ilianguka baharini mara tu ilipopaa kutoka Libreville, usiku wa tarehe 27 Aprili kuamkia 28, wakiwa safarini kwenda Senegal kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Watu 30, wachezaji 18 kati yao. Saa ya Lusaka iko mbele ya ile ya Libreville, na wengine kule huwakumbuka tarehe moja, wengine nyingine. Nimeandika kwenye 27, nikachora mshale wa kwenda ukurasa wa pili.

Kwa hiyo kanuni yangu, bibi, ni saa ya mahali mtu alipofia, na siku inageuka saa sita usiku. Lakini tangu barua yako nimeanza kuweka alama ndogo ya mwezi mwandamo kando ya majina ya waliofariki baada ya magharibi. Kiptum anayo sasa, na jina lake nimelihamishia tarehe 11. Karatasi imekwaruzika kidogo.

Mzee, binti yangu wa darasa la nane anakimbia mbio za shule na anampenda sana marehemu Agnes Tirop. Kila tarehe 13 Oktoba huwasha mshumaa. Mwaka huu mwalimu amemwambia siku hiyo ni ya furaha kwa sababu ndiyo Kenya ilipata dhahabu yake ya kwanza. Mtoto amechanganyikiwa. Nimwambie nini? – Mama, Kangemi

Mwalimu hakudanganya, mama. Oktoba 13 ndio ukurasa uliojaa kuliko zote, hadi nimegundisha karatasi ya ziada, na ndio pekee niliovunjia sharti langu la kuandika vifo tu.

Mwaka 1968, Mexico City, jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu alishinda mita 10,000 mbele ya Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Tarehe hiyo hiyo 1972, siku ya Ijumaa, ndege iliyobeba timu ya raga kutoka Montevideo ilianguka kwenye milima ya Andes. Kati ya watu 45 walirudi 16, baada ya siku 72 kwenye theluji. Tarehe hiyo 2019, Brigid Kosgei alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:14:04, akavunja rekodi iliyodumu miaka 16. Tarehe hiyo 2024, Chicago tena, Ruth Chepngetich akakimbia kwa saa 2:09:56. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka 3 kwa dawa zilizokatazwa. Hiyo ya mwisho niliihamisha kutoka wino kuja penseli.

Katikati yao, 2021, yuko Agnes. Aliuawa nyumbani kwake Iten. Alizikwa tarehe 23 Oktoba, siku ambayo angetimiza miaka 26.

Mwache mtoto awashe mshumaa wake. Lakini umpe na hesabu hii. Mwezi mmoja tu kabla ya kifo chake, 12 Septemba 2021, Agnes alikimbia kilomita 10 barabarani kule Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1, wakati huo ikiwa rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake peke yao. Uwanja wa shule ukiwa wa mita 400, hiyo ni mizunguko 25, kila mmoja sekunde 72. Mpe saa mwalimu wake. Mtoto akimbie mzunguko mmoja, mmoja tu, atafute sekunde 72, kisha akae nyasini ahesabu iliyobaki. Nilimfanyisha mjukuu wangu, kijana wa miaka 16 mwenye miguu mirefu kama korongo. Alitumia sekunde 81, akalala chali, akaniuliza, "Mara 25?" Tangu siku hiyo analitaja jina la Agnes Tirop kwa sauti nyingine.

Akiwa mkubwa kidogo mweleze na hayo mengine. Kwamba wanariadha wenzake Agnes waliunda Tirop's Angels kwa ajili ya wanawake wanaopigwa na kutishwa majumbani. Na kwamba ukurasa wa Septemba 5 una Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyefia hospitalini Eldoret 2024 baada ya kuchomwa moto, wiki chache tu tangu akimbie marathoni ya Olimpiki ya Paris. Ukurasa ule una jina lingine, Jochen Rindt, dereva wa magari ya mbio aliyefia Monza 1970. Sikumbuki kama nimewahi kumsoma Rindt tangu Cheptegei aingie.

Mzee, mtangazaji anahesabiwa mwanamichezo? Namuulizia Leonard Mambo Mbotela. Mume wangu anasema hapana, mtu wa redio hana jasho. – Msomaji, Umoja

Mumeo hajawahi kutangaza mpira dakika 90 kwa watu wasiouona.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84, umri ule ule aliofia Kadenge. Wengi humkumbuka kwa kutuuliza kila wiki redioni kama huu ni ungwana, au kwa asubuhi ile ya Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walipomtoa nyumbani wakamlazimisha kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Mimi namkumbuka kwa redio ya nyumbani kwetu, iliyokaa juu ya kabati kwa kuwa sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, na betri zake zikianza kufa tulikuwa tukizianika juani zipate roho ya kipindi cha pili. Sikumwona Kadenge akicheza zaidi ya mara tatu. Mara nyingine zote nilimwona kupitia kinywa cha Mbotela.

Ukurasa unaotangulia wake, Februari 6, una ndege ya Manchester United iliyoanguka Munich 1958, wachezaji 8 kati ya watu 23 waliokufa. Ukurasa mzito. Nilisita nafasi ya kumwekea mtu wa redio baada ya huo, nikaenda nikapika chai, nikarudi nikamwandika kwa wino. Kisha nikafungua Julai 7, na pembeni, juu ya lile duara la kikombe, mbele ya jina la Kadenge, nikaongeza kwa herufi ndogo: mpira, tazama Februari 7.